Kisanduku cha Risasi na Jinsi ya Kukichagua



Mazungumzo yetu ni juu ya kitu kidogo cha chuma, nacho ni kile kisanduku kitiwamo risasi katika bunduki. Askari hukiita magazini, nasi tutakiita hivyo hivyo. Twataka kueleza jinsi kinavyofanya kazi, kwa nini kimoja hutegemewa na kingine hukwamisha, na mtu mwenye haki ya kushika bunduki akichagueje.

Huenda mmoja wenu atasema: "Mimi ni mvuvi," au "Mimi ni mkulima wa pamba, bunduki sina, wala sitaki kuwa nayo. Habari hii yanihusu nini?" Yakuhusu, ndugu yetu. Wana wetu wengi wamekuwa askari, wengine ni walinzi wa wanyama katika mbuga ya Serengeti, na wengine ni mgambo. Uhai wao hutegemea kitu hiki. Tena njia ya kukijaribu ni njia ya kujaribu kila chombo, nayo yawafaa wanafunzi. Na mwisho iko hatari moja ambayo imewaua watu majumbani kwa sababu ya kutojua, nayo tutaitaja kabla ya kuagana.

Tuanze na umbo lake. Magazini ina sehemu nne. Ya kwanza ni kuta zake, yaani kasha lenyewe. Ya pili ni springi, ambayo wazee waliita kamani, nayo hukaa chini ikisukuma juu. Ya tatu ni kibao kidogo kilicho juu ya springi, ambacho hubeba risasi. Ya nne ni midomo, yaani zile kingo mbili za juu zilizopindwa kwa ndani ili kuizuia risasi isiruke nje, nayo ikae kwa mwelekeo ulio sawa.

Sasa fikirini bunduki ijipakiayo yenyewe, ile itoayo risasi moja kila mara kifyatulio kivutwapo. Risasi ikiisha kulia, nguvu ya moshi wa baruti hulisukuma komeo nyuma. Ganda tupu hutupwa nje. Kisha springi nyingine hulirudisha komeo mbele, nalo likipita huichukua risasi mpya kati ya midomo ya magazini na kuitia ndani ya mtutu. Haya yote hutendeka kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Springi ya magazini ikiwa dhaifu, risasi haijafika juu komeo limekwisha kupita. Mdomo mmoja ukiwa umepinda, risasi huinua pua mno au huiinamisha, ikagonga ukuta badala ya kuingia tunduni. Katika bunduki ya kukokwa kwa mkono, mkono wa mtu waweza kuhisi kwamba pana kizuizi, ukarudi na kusahihisha. Katika bunduki ijipakiayo hakuna mkono. Kazi yote imeachiwa magazini. Kwa hiyo kadiri bunduki ilivyo ya kisasa, ndivyo kisanduku hiki kinavyopaswa kuwa cha kuaminika zaidi.

Watu hawakuyajua haya siku moja. Wamejifunza kwa hasara, na sehemu ya mafunzo hayo ilipatikana katika nchi yetu wenyewe.

Babu zetu walijua gobori, ambayo ilishindiliwa baruti na risasi kwa mdomo wa mtutu. Baadaye zilikuja bunduki za kutiwa risasi kwa nyuma, lakini moja moja. Vita Vikuu vilipoanza mwaka 1914, kampuni nyingi za askari wa Wadachi katika nchi hii zilikuwa bado na bunduki ya Mauser ya mwaka 1871. Hiyo haikuwa na magazini kabisa. Kila baada ya kupiga, askari aliingiza risasi nyingine kwa vidole. Juu ya hayo, baruti yake ilikuwa nyeusi, ikatoa wingu la moshi lililomwonyesha adui mahali askari alipolala. Kampuni chache tu zilikuwa na Mauser ya mwaka 1898, yenye magazini ya risasi tano ndani ya mti wa bunduki.

Waingereza nao walikuwa na Lee-Enfield. Jina la kwanza ni la James Paris Lee, mzaliwa wa Scotland aliyekulia Canada, ambaye mwaka 1879 alipata hati ya uvumbuzi huko Marekani kwa magazini iwezayo kutolewa katika bunduki na kurudishwa. Magazini ya Lee-Enfield ilichukua risasi kumi. Lakini risasi zake zilikuwa na ukingo uliotokeza kitakoni, kama ukingo wa sufuria. Askari asipozipanga vema, ukingo wa risasi ya juu ulikaa nyuma ya ukingo wa ile ya chini, ukaishika, na komeo likashindwa kuisukuma.

Ninyi wavuvi mwaelewa upesi kuliko sisi. Mtu apangaye mshipi wa ndoana nyingi ndani ya sanduku la mtumbwi huhakikisha kila ndoana imelala mbele ya mwenziwe, ili mshipi utoke bila kushikana. Ndoana moja ikivuka juu ya nyingine, kazi ya usiku mzima imeharibika. Ndivyo ilivyo kwa risasi zenye ukingo. Kosa halimo katika bunduki, wala halimo katika risasi. Limo katika mpango.

Mwezi wa Novemba 1914 Waingereza walishindwa huko Tanga, wakaacha pwani bunduki nyingi za kisasa, bunduki za rashasha 16, na risasi zaidi ya laki tano. Kamanda wa Wadachi, Paul von Lettow-Vorbeck, akazipa kampuni zake tatu bunduki hizo mpya. Lakini risasi ya Lee-Enfield haiingii katika Mauser, wala ya Mauser haiingii katika Lee-Enfield. Tangu siku ile jeshi moja lilikuwa na aina mbalimbali za bunduki, na kila aina ilidai chakula chake.

Mwezi wa Aprili 1915 meli ya Wadachi iitwayo Rubens ilifika ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, ikifukuzwa na manowari ya Waingereza. Ikazama nusu, na mzigo wake wa bunduki na risasi ukaingiwa na maji ya bahari. Wadachi wakazitoa risasi majini, wakazifungua, wakaikausha baruti, wakazifunga tena. Je, walizirudisha vitani zote pamoja? Hapana. Walizijaribu kwanza, fungu kwa fungu, na kuhesabu ngapi zilikataa kulia. Zile za kutegemewa waliziweka kwa kazi ya vita, na zile zilizokataa mara nyingi wakazitumia kufundishia. Fikira hii ya kujaribu, kuhesabu na kutenga ndiyo msingi wa mazungumzo yetu.

Vita hivyo vilifika hata mlangoni petu. Mwezi wa Juni 1915 Waingereza walivuka ziwa kutoka Kisumu, wakaishambulia Bukoba na kuuangusha mlingoti wa simu ya upepo. Mwezi wa Juni 1916 waliichukua Ukerewe, na tarehe 14 Julai mwaka huo huo majeshi ya Jenerali Crewe yakaingia Mwanza, na Wadachi wakarudi kusini kuelekea Tabora. Miaka miwili baadaye, Novemba 1918, Lettow-Vorbeck alipoweka silaha chini huko Abercorn, mji uitwao sasa Mbala, bunduki alizokabidhi zilikuwa 1,071, nazo zilikuwa za Kiingereza na za Kireno, alizowanyang'anya adui zake. Hakutazama jina la nchi iliyotengeneza. Alishika ile aliyoweza kuipatia risasi.

Wakati huo huo huko Ufaransa watu walikuwa wakipata fundisho lingine. Wafaransa walikuwa na bunduki ya rashasha nyepesi iitwayo Chauchat, ya mwaka 1915. Magazini yake ilikuwa na umbo la mwezi mchanga, na ubavu wake mmoja ulikuwa wazi, ili mpigaji aone risasi ngapi zimebaki. Shauri hilo lilionekana zuri katika karakana. Lakini katika mahandaki ya vita tope na mchanga viliingia kwa pale palipoachwa wazi, na bati lake lilikuwa jembamba, likabonyea upesi. Sehemu kubwa ya kukwama kwa bunduki ile ilitoka katika magazini. Ilikuwa ya risasi 20, lakini wapigaji wengi walitia 18 au 19 tu.

Jambo hilo hilo lilirudi katika Vita vya Pili. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, yenye vijana wa Tanganyika, Kenya, Uganda na Nyasaland, ilishuka bonde la Kabaw huko Burma wakati wa masika makali, katika mvua na matope yasiyokwisha. Walikuwa na bunduki ya Bren, ambayo magazini yake huchomekwa kwa juu, nayo huchukua risasi 30. Lakini askari walifundishwa kutia 28. Kwa nini kuziacha mbili? Kwa sababu springi iliyoshindiliwa hata mwisho haina nafasi ya kucheza, na risasi zilizobanwa mno hushikana. Mtu mwenye risasi 28 zitokazo zote ni tajiri kuliko mwenye 30 zilizokwama baada ya mbili.

Sasa tuje kwenye bunduki zijipakiazo za baada ya vita hivyo. Iliyo mashuhuri katika nchi yetu ni ile iitwayo SAR. Iliyo asili yake ilibuniwa na Mrusi Sergei Simonov na kupewa jina la mwaka 1945, na Wachina wakaanza kuitengeneza mwaka 1956. Magazini yake huchukua risasi kumi, nayo haitolewi. Imefungwa katika bunduki, na risasi hushindiliwa kwa juu kutoka katika kibanio cha chuma. Mwenye kushika bunduki hii hana magazini ya kuchagua, ila ana ya kutunza. Faida yake ni kwamba magazini haipotei, haidondoki, wala haichanganywi na ya bunduki nyingine.

Nyingine ni ile iliyotengenezwa na kiwanda cha FN cha Ubelgiji, iitwayo FAL, na ndugu yake ya Kiingereza iitwayo SLR. Zote mbili hutumia magazini ya kutolewa, ya risasi 20, na risasi zao ni za namna moja. Kwa macho mtu atasema magazini zao ni moja. Lakini Wabelgiji walipima kwa milimita na Waingereza kwa inchi. Magazini ya Kibelgiji huingia katika SLR, ila hulegea na huweza kukwamisha. Ya Kiingereza haiingii kabisa katika FAL, kwa kuwa kishikizo chake cha mbele ni kikubwa zaidi. Basi mtu asidanganywe na sura.

Baada ya habari hizi, haya ndiyo mashauri kwa mtu mwenye kibali na kazi ya kushika bunduki.

Kwanza, magazini iwe imetengenezwa kwa bunduki ile ile na kwa risasi ile ile. Iingie bila kulazimishwa, ishike kwa mlio ulio wazi, isicheze sana, na itoke mara kishikizo kibonyezwapo. Ikihitaji kupigwa kwa kiganja ili ikae, si yake.

Pili, itazameni midomo. Iwe sawa pande zote mbili, isiwe na ufa, wala meno makali, wala mkunjo. Iliyopinda msiinyoshe kwa koleo. Chuma kilichopinda mara moja hupinda tena upesi zaidi, na tofauti ndogo isiyoonekana kwa macho yatosha kuigeuza pua ya risasi.

Tatu, zitazameni kuta. Pitisheni kidole nje mkitafuta kibonyeo. Kisha, magazini ikiwa tupu na imetolewa katika bunduki, sukumeni kile kibao chini kwa kijiti safi na kukiachia. Kishuke kwa ulaini, kirudi kwa nguvu, kisikwaruze wala kuinama upande.

Nne, iangalieni springi. Springi ya chuma kizuri huchoshwa zaidi na kusukumwa na kuachiwa mara nyingi, na kuliwa na kutu, kuliko kukaa imeshindiliwa. Iliyochoka ibadilishwe. Wako watu huivuta ili irefuke, wakidhani wameitengeneza. Lakini nguvu hiyo ni ya siku mbili.

Tano, na hili ni kubwa kuliko yote: ijaribuni, tena mahali panaporuhusiwa kwa mazoezi, chini ya mwenye mamlaka. Kila magazini ipewe namba kwa rangi, nayo iandikwe daftarini. Bunduki ikikwama, mpigaji aandike ilikuwa magazini ya namba gani. Baada ya siku kadhaa daftari litasema lenyewe. Kama magazini namba tatu hukwama katika kila bunduki, kosa ni la magazini. Kama bunduki moja hukwama kwa magazini zote, kosa ni la bunduki. Na kama zote hukwama kwa risasi za kasha fulani, kosa ni la risasi.

Enyi wanafunzi, liwekeni neno hili moyoni: badilini kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Mtu abadiliye magazini, risasi na bunduki kwa pamoja, akiona kosa limetoweka hajui ameponya nini, nalo litamrudia. Taa ikifuka moshi, badili utambi kwanza, kisha tazama mafuta. Baiskeli ikipoteza upepo, tazama vali kabla ya kubandua tairi. Hii ndiyo elimu ya majaribio, nayo haihitaji jumba kubwa wala vyombo vya thamani. Yahitaji subira na daftari.

Sita, magazini iliyokwamisha mara mbili iondolewe kazini. Isirudishwe katika mfuko pamoja na nzuri kwa ajili ya uchungu wa fedha, kwa maana siku ya hatari mkono utaishika ile ile. Mdharau mwiba mguu huota tende.

Saba, usafi. Pwani ya ziwa letu ina unyevu usiku na mchanga mwembamba mchana. Chuma kikavu hupata kutu. Chuma kilichojaa mafuta hukusanya mchanga. Basi pakeni mafuta kidogo, kisha mfute kwa kitambaa kikavu hata ubaki utando tu. Na risasi ziwe kavu kabisa, kwani mafuta hupenya hata kwenye fataki na kuiua.

Imebaki ile hatari tuliyoahidi kuitaja. Watu wengi hudhani kwamba magazini ikiisha kutolewa, bunduki ni tupu. Sivyo. Risasi moja huweza kubaki ndani ya mtutu, imekwisha kutoka katika magazini na kungoja. Mtu huitoa magazini, huiweka bunduki pembeni, mtoto huichezea, na kifo huingia nyumbani. Vivyo hivyo katika SAR: kuufungua mlango wa chini na kumwaga risasi hakuuondolei mtutu ile iliyomo. Mwenye bunduki aondoe magazini, kisha avute komeo nyuma, kisha atazame kwa macho yake na kugusa kwa kidole kwamba hamna kitu. Mdomo wa bunduki muda wote uelekee mahali pasipo na mtu. Kila bunduki na ihesabiwe kuwa imejaa, hata mtu atakapoona mwenyewe kwamba ni tupu.

Tena sheria ni wazi. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyoshika mahali pa ile ya mwaka 1991, haimruhusu mtu kuwa na bunduki wala risasi pasipo kibali. Mtu akiokota porini au ufukoni bunduki, risasi au magazini, asiijaribu, wala asiifiche darini kwa kuogopa maswali. Awaweke watoto mbali, aende kutoa habari kituo cha polisi au kwa mwenyekiti wa kijiji. Chuma cha kale chenye kutu si kitu cha kuchezewa. Baruti haisahau kazi yake kwa kuwa mwenyewe ameisahau.

Basi kwa ufupi, mabibi na mabwana, uzuri wa bunduki haumo katika kung'aa kwake wala katika wingi wa risasi ichukuazo. Umo katika kisanduku kidogo kilichochaguliwa kwa macho, kikajaribiwa kwa daftari, kikatunzwa kwa kitambaa. Na usalama wa nyumba umo katika mtu ajuaye kwamba kisanduku hicho kikiisha kutolewa, kazi ya kuutazama mtutu haijaisha.